Mistari ya nyota juu ya Ziwa Tanganyika: geuza kamera magharibi

Maelekezo mengi ya kupiga picha za mistari ya nyota yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Karibu yote huanza kwa kukutaka uitafute Nyota ya Kaskazini, uiweke katikati ya fremu na uziache nyota nyingine ziizunguke. Kigoma haiko huko. Mji uko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na nyota hiyo hapa haichomozi kamwe. Ncha ya kusini ya anga tunayo, lakini imekaa nyuzi 5 tu juu ya upeo wa macho na haina nyota angavu ya kuionyesha. Mtu anayefuata maelekezo hayo neno kwa neno hurudi nyumbani na vipande vya duara visivyo na kitovu, akadhani kamera yake ndiyo mbovu.

Tulicho nacho ni kizuri zaidi, kwa maoni yangu. Pwani yetu inatazama magharibi, juu ya maji, na huko ndiko nyota zinakozama. Kwa kuwa tuko jirani na ikweta, hazizami kwa kuserereka pembeni kama zinavyofanya nchi za mbali. Zinashuka karibu wima, moja kwa moja ziwani. Ukiacha kamera saa moja na nusu pale Katonga au Bangwe, unapata mistari inayoteremka juu ya maji kama mvua, na hakuna mpiga picha wa London atakayeipata picha hiyo bila kupanda ndege.

Kinachotokea angani

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56, kwa hiyo anga huonekana likisogea nyuzi 15 kila saa, yaani uzi mmoja kila dakika 4. Nyota zilizo kwenye mstari wa ikweta ya anga, yaani ikweta yetu ikirefushwa hadi angani, kama zile tatu za katikati ya kundi la Orioni, huzama magharibi kamili na huchora mstari ulionyooka. Zilizo kushoto kwake, upande wa kusini, hujipinda kuizunguka ncha ya kusini. Zilizo kulia hujipinda kuizunguka ncha ya kaskazini iliyofichika chini ya upeo. Fremu pana ikielekezwa magharibi huonyesha yote matatu: wima katikati, na pande mbili zikipeana mgongo.

Kuna jambo moja linalowasumbua wengi wakati wa kusafisha picha. Ukiwa umesawazisha upeo wa ziwa vizuri, mistari ya katikati haitasimama wima kabisa. Itaegemea nyuzi 5 hivi, ikitoka juu kulia kwenda chini kushoto. Hilo ni sahihi, ndiyo latitudo ya Kigoma inayoonekana pichani. Usizungushe picha ili mistari isimame, maana maji yatainama, na jicho la mtazamaji halisamehe ziwa lililoinama.

Urefu wa mistari unaupanga kwa saa, si kwa kubahatisha. Lenzi ya mm 24 kwenye kihisi (sensor) cha fremu kamili (full frame), kamera ikiwa imelala, huona takriban nyuzi 53 kutoka chini hadi juu. Saa moja ni nyuzi 15, zaidi kidogo ya robo ya picha. Mimi huona saa moja na nusu hadi mbili inatosha kwa upande wa magharibi. Ukizidisha, mistari hugusana mwisho kwa mwisho, anga hujaa nyuzi nyeupe, na huwezi tena kutofautisha nyota na nyota. Ukitumia lenzi ya mm 50, mikunjo ya pembeni hupotea na mistari yote huonekana sambamba. Hapo dakika 40 hadi 50 zinatosha. Kwenye kamera zenye kihisi kidogo, mm 16 hukupa upana unaokaribiana na ule wa mm 24.

Kuchagua usiku

Jua la Kigoma huzama karibu saa moja jioni, kwa sababu tuko mbali magharibi lakini tunatumia saa ileile ya Dar es Salaam. Giza kamili huingia baada ya dakika 70 na kitu, yaani karibu saa mbili na robo. Hata hivyo anza saa tatu. Katika saa ya kwanza ya usiku satelaiti nyingi bado zinapigwa na jua huko juu, na kila moja huchora mstari unaokata mistari yako mshazari.

Miezi bora ni kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Julai. Mvua imekwisha na moshi bado si mwingi. Kiangazi kikiendelea watu huchoma nyasi na mashamba pande zote za ziwa, na ukungu wa moshi hukaa chini magharibi. Nyota hufifia na kugeuka nyekundu, kisha hufa kabla ya kuyafikia maji, na picha nzima inategemea kuyafikia maji. Msimu wa mvua usiudharau kabisa: usiku unaofuata mvua kubwa anga huwa safi kuliko wakati wowote wa kiangazi. Tatizo ni kwamba wingu linaweza kuingia dakika ya 50 na kukata mistari yote, na radi za upande wa Kongo huangaza fremu moja hapa na moja pale.

Ukitaka Orioni izame ndani ya picha, wahi kabla ya Juni. Katikati ya Aprili huzama karibu saa tano usiku, katikati ya Mei karibu saa tatu, na baada ya hapo hupotea kwenye mwanga wa jioni.

Mwezi ndio unaohitaji hesabu. Mwezi mchanga uko magharibi jioni, maana yake uko ndani ya fremu yako. Wa siku tatu huzama saa mbili na nusu hivi baada ya jua, hivyo unaweza kuusubiri uondoke. Wa siku saba hukaa hadi karibu usiku wa manane, achana nao. Usiku wa giza kamili hukupa nyota nyingi, lakini pwani na miti hubaki weusi mtupu. Ninaoupenda ni usiku wa pili au wa tatu baada ya mwezi mpevu. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo usiku huo hutoka mashariki, nyuma ya mgongo wako, kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na nusu. Unapata giza la kuanzia, kisha mwanga laini juu ya mawe na mitumbwi, bila taa yoyote.

Taa za dagaa

Hapa ndipo Kigoma inapotofautiana na ziwa lolote la vitabuni. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku na taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za betri na sola, ili kuwavuta dagaa juu. Taa hufanya kazi pale tu mwezi haupo. Wakati wa mbalamwezi wavuvi hupumzika, na giza likirudi wanarudi nao. Kwa maneno mengine, usiku unaoutaka wewe ndio huohuo wanaoutaka wao, na upeo wako wa magharibi utakuwa na msururu wa taa.

Taa hizo husogea polepole, na picha ya mistari hujengwa kwa fremu nyingi fupi zinazounganishwa, kama nitakavyoeleza. Katika fremu moja ya sekunde 30 ni nukta nzuri. Katika fremu 180 zilizounganishwa ni utepe mweupe uliovimba, unaomeza maji yote na sehemu ya chini ya mistari. Njia ya kulitatua iko kwenye kompyuta, nitaifikia. Lakini uamuzi huanza ufukweni: simama juu. Ukipiga kutoka usawa wa maji, taa zote hujipanga kwenye mstari mmoja uleule nyota zinakozamia. Ukipanda kilima mita 30 au 40, taa za karibu hushuka chini ya upeo na kutawanyika juu ya maji, na mwisho wa mistari hubaki huru.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Uvuvi ukifungwa namna hiyo, taa hutoweka katika miezi ileile iliyo bora kwa anga. Ulizia mwaloni mapema kuhusu mwaka unaokusudia. Watu wa Kibirizi na Ujiji watakueleza vizuri kuliko yeyote.

Vifaa na mpangilio

Unahitaji kamera yenye modi ya M, lenzi pana, tripodi imara, rimoti ya waya inayojifunga, betri mbili zilizojaa au pawabenki inayoweza kulisha kamera, na memori kadi ya GB 32. Hesabu ya kadi ni hii: saa mbili za fremu za sekunde 30 ni karibu fremu 230, na kila faili ghafi (RAW) ikiwa MB 28, unahitaji zaidi kidogo ya GB 6. Chaji kila kitu mchana, usingoje jioni umeme ukatike.

Usijaribu fremu moja ya saa nzima. Kihisi hupata joto na kujaza picha chembe za rangi, anga hung'aa kupita kiasi, na pikipiki moja ikipita na taa yake, au betri ikizima dakika ya 58, umepoteza usiku wote. Fremu nyingi fupi zikiunganishwa baadaye hutoa mstari uleule.

Kwa usiku wa giza anza na tundu la lenzi f/2.8, shata sekunde 30, na wepesi wa kihisi kwa mwanga ISO 800. Lenzi yako ikiishia f/4, panda hadi ISO 1600. Mwezi ukiwa nyuma yako, rudi ISO 400. Kwa picha ya kawaida ya nyota watu hupandisha ISO hadi 3200 na zaidi. Hapa usifanye hivyo. Nyota angavu ikizidishwa mwanga hugeuka nyeupe, na rangi ndiyo uhai wa mistari: ile nyekundu ya nyota ya moyo wa Nge, ile ya buluu ya Rigeli katika Orioni. Grafu ya mwanga (histogram) ikikaa kati ya robo na theluthi kutoka kushoto, umepatia. Mizani ya rangi ifunge kwenye 4000 K, usiiache ijichagulie, maana fremu zitabadilika rangi katikati ya kazi.

Zima upunguzaji wa chembe wa shata ndefu (Long Exposure NR). Ukiuacha, kamera hupiga sekunde 30 kisha hukaa sekunde 30 nyingine ikijisafisha, na mistari yako inakuwa vistari. Zima pia uthabiti wa lenzi (stabilisation). Juu ya tripodi huweza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuusababisha wenyewe.

Mapengo kati ya fremu yana hesabu yake. Kwa mm 24 na kihisi cha megapikseli 24, nyota husogea pikseli moja kila sekunde 3 na nusu hivi, kwa hiyo pengo la sekunde 1 halionekani. Kwa mm 85 husogea pikseli moja kwa sekunde, na pengo hilohilo huanza kuonekana ukikuza picha. Weka kamera kwenye upigaji mfululizo, shata sekunde 30, kisha ufunge kitufe cha rimoti. Hiyo hutoa mapengo mafupi kuliko kipima muda kilichomo ndani ya kamera nyingi.

Fokasi iwe ya mkono. Fungua skrini, kuza mara 10 juu ya nyota angavu, zungusha hadi iwe nukta ndogo kabisa, kisha funga pete kwa kipande cha plasta. Alama ya mwisho ya lenzi usiiamini. Lenzi nyingi hupitiliza kidogo. Taa ya mvuvi iliyo kilomita chache hufaa kwa fokasi vilevile. Kupanga fremu gizani, piga majaribio ya sekunde 8 kwa ISO 6400. Mwanga wake unakaribia sekunde 30 kwa ISO 1600, nawe huhitaji kusubiri.

Upeo uweke kwenye sehemu moja ya tano kutoka chini. Maji meusi hayana mengi ya kusema. Anga ndilo lenye kazi.

Yanayoharibika usiku

Umande ndio adui mkubwa wa pwani. Kioo cha lenzi kinatazama anga wazi, hupoteza joto haraka kuliko hewa, na hewa ya ziwani imejaa unyevu. Dalili yake inasomeka kwenye picha yenyewe: mistari huanza myembamba na mikali, kisha hunenepa na kufifia kuelekea mwisho. Kivuli cha lenzi (hood) husaidia kidogo. Mkanda wa joto wa volti 5 unaofungwa mbele ya lenzi husaidia kweli. Ukitumia wati 5, pawabenki ya mAh 10,000 huendesha kazi ya usiku mmoja bila shida. Ufunge dakika 10 kabla ya kuanza, halafu urudie fokasi, kwa sababu joto huisogeza.

Mchangani miguu ya tripodi huzama taratibu, na picha huonyesha nyota zote zikiruka kidogo mahali pamoja. Weka jiwe bapa au kipande cha ubao chini ya kila mguu. Ondoa mkanda wa shingo wa kamera, upepo huupiga. Mfuko wa mchanga wa kuipa tripodi uzito uning'inie ukigusa ardhi; ukibembea ni hasara tupu.

Usikae kwenye ukingo wa maji. Ziwa lina mamba na viboko, na wenyeji wanajua ni sehemu zipi. Mwambie mwenyekiti wa mtaa au viongozi wa mwalo kwamba utakuwepo usiku na tripodi, maana Kigoma ni mpakani, na mtu mwenye vifaa gizani huulizwa maswali. Bandari, reli na maeneo ya jeshi yaache kabisa bila kibali. Taa yako ya kichwani iwe nyekundu, na ifunike kabla ya kugeukia mbele ya kamera.

Mwishoni, kabla ya kufungua chochote, funika lenzi na upige fremu 10 za giza kwa mpangilio uleule, papo hapo, kihisi kikiwa na joto lilelile. Zitakusaidia kuondoa vidoti vyekundu na vya buluu ambavyo ni vya kihisi, si vya angani.

Kwa wenye simu: modi ya Pro ikikuruhusu sekunde 30 na ISO 400 hadi 800, unaweza. Simu ishikiliwe kwenye tripodi, iwekwe hali ya ndege, na itumie programu inayorudia shata yenyewe, kwa sababu kila mguso wa kidole ni mtikisiko. Fremu 100 zitakupa dakika 50, na kwa skrini zinatosha.

Ukitaka nusu duara za kusini

Kusini si mwiko. Ncha ikiwa nyuzi 5 tu juu ya upeo, unapata nusu duara zilizoketi juu ya ardhi kama tao. Itafute kwa Msalaba wa Kusini: refusha mti wake mrefu mara 4 na nusu kuelekea mguuni. Katikati ya Mei msalaba husimama wima karibu saa nne usiku, nyota yake ya chini ikiwa nyuzi 32 juu. Kwa picha hii napendekeza Tabora kuliko Kigoma, kwa kuwa nchi ni tambarare, lakini miyombo itakuziba: mti wa mita 10 ulio umbali wa mita 114 hufika nyuzi 5 kamili na kuifunika ncha. Tafuta uwazi, kama ukingo wa kaskazini wa bwawa la Igombe ukitazama maji. Hapo jipe saa tatu, maana nyuzi 30 za saa mbili bado huonekana fupi karibu na kitovu.

Kuunganisha

Programu ya StarStaX ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Geuza faili ghafi zote ziwe JPEG au TIFF kwa mpangilio mmoja kwanza, ziingize, ongeza fremu za giza, chagua hali ya Lighten. Kinachofanyika ni rahisi: kila pikseli hubaki na thamani yake angavu kuliko zote katika fremu zote. Kuna pia hali ya kuziba mapengo.

Fremu yenye satelaiti au tochi usiifute, maana utaacha tundu kwenye kila mstari. Ifungue, paka brashi nyeusi juu ya kosa lenyewe, hifadhi. Nyeusi haishindi kitu kwenye Lighten, hivyo inapotea. Kufuta kunafaa kwa fremu za mwanzo na za mwisho tu.

Sasa taa za dagaa. Tengeneza picha mbili. Ya kwanza ni anga, fremu zote kwa Lighten. Ya pili ni ziwa: chagua fremu 8 hadi 10 zilizofuatana na uziunganishe kwa wastani, hapo taa hubaki nukta na maji hulainika. Kwenye programu ya kuhariri picha ya GIMP weka ya anga juu, ipe barakoa (mask), na ufiche sehemu iliyo chini ya upeo kwa ukingo laini wa pikseli 20 hivi. Kuna wanaozifuta taa zote hadi ziwa libaki tupu. Sikubaliani nao. Hakuna usiku wa giza Kigoma ambao ziwa ni tupu, na hao ni watu walio kazini. Taa moja ikiwa na mng'ao unaomeza mistari, ipunguze hiyo peke yake. Hifadhi faili ikiwa bado na tabaka zake mbili, kwa sababu taa zinazoonekana sawa kwenye skrini ya simu huwa kali mno karatasini, na utataka kuzishusha tena kabla ya kuchapisha.